Bunduki Haishikwi kwa Uanaume

Hivi, ndugu msomaji, umewahi kuitazama picha ya mwindaji ukaimaliza yote? Unaijua picha ninayoisema. Nyati amelala, kichwa kimeinuliwa ili pembe zionekane vizuri. Nyuma yake mgeni amechuchumaa, kofia kichwani, meno yote nje. Bunduki imelazwa juu ya mgongo wa mnyama. Wengi wetu tunaishia hapo. Mmoja anasonya, mwingine anauliza kibali kile kililipiwa dola ngapi, wa tatu anasema hata babu yake aliwinda. Sasa angalia pembeni, kule ambako mpiga picha mara nyingi hukata nusu ya mwili wa mtu. Kuna bwana mmoja, ngozi kama yangu na yako, amesimama na fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Yeye hatajwi jina, na fimbo zake hazitajwi kabisa. Leo nataka tuziongelee hizo fimbo.

Najua kuna mtakaosema: huyu naye! Watu wanalia na bei ya mafuta ya kula, yeye anatuletea habari za fimbo. Subirini kidogo. Sisi tunaokaa chini ya huu mlima hatuwezi kujifanya uwindaji ni habari ya watu wa mbali. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, tembo madume wakubwa, wale wanaokwenda na kurudi kati ya Amboseli ya Kenya na upande wetu wa Enduimet, walipigwa risasi na wawindaji wenye vibali. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Wakenya walilalamika, wanasayansi waliandika barua, wenye vitalu wakajibu kwamba sheria haikuvunjwa. Kila mtu akauliza: je, ni halali? Je, ni haki? Pesa zimekwenda wapi?

Maswali mazuri yote. Lakini katika yote niliyoyasoma na kuyasikia, sikukutana na mtu aliyeuliza swali dogo kuliko yote: bunduki ilikuwa imeegemezwa wapi?

Unacheka? Basi ngoja tufanye hesabu ya darasa la saba. Chukua bunduki yenye urefu wa mita 1. Kitako kimetulia begani, lakini ncha ya mtutu imesogea milimita 1 tu, unene wa kucha. Risasi ikifika mita 100 itakuwa imekwenda pembeni sentimita 10. Ikifika mita 200, sentimita 20. Sasa mfikirie swala pala. Sehemu ya moyo na mapafu, yaani pale ambapo risasi inamwua upesi, ukubwa wake unakaribia ule wa sahani ya chai. Ongeza sentimita 20 kwenye sahani ya chai uone umefika wapi. Umefika tumboni. Au mguuni. Mnyama hafi. Anakimbia na maumivu yake, na pengine anakufa kesho kutwa kwenye kichaka ambacho hakuna atakayekifikia ila fisi.

Milimita 1! Na mtu aliyesimama wima, bunduki mikononi bila kuegemea chochote, hawezi kuizuia hiyo milimita 1. Moyo unadunda, mapafu yanapanda na kushuka, misuli ya bega inatetemeka. Mtu ametoka kutembea saa tatu kwenye jua, koo limekauka, mbele yake kuna nyati wa uzito wa kilo mia saba. Hapo mtutu unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Darubini iliyofungwa juu ya bunduki haimsaidii. Darubini inakuza mnyama, lakini inakuza na mtetemeko vilevile.

Sisi tuliopita JKT kwa mujibu wa sheria jambo hili tulilionja. Afande hakutuanzisha kwa kusimama kama wale jamaa wa kwenye sinema. Alitulaza kifudifudi kwanza. Kulala chini ndiyo namna imara kuliko zote, kwa sababu tumbo, viwiko na miguu vyote vimekabidhiwa ardhi. Mwili hauna kazi ya kujibeba, una kazi ya kulenga tu. Mifupa ndiyo inayobeba bunduki, na mfupa hauchoki kama msuli unavyochoka. Hiyo ndiyo siri yote ya kulenga shabaha. Mengine yote ni maelezo.

Baada ya kulala inakuja kukaa. Makalio chini, magoti yameinuka, viwiko vimewekwa juu ya magoti. Na hapo kuna kanuni ambayo mtu asiyefundishwa huikosea: kiwiko kisikae juu ya pia ya goti, maana mfupa juu ya mfupa huteleza. Kisogeze mbele kidogo, nyama ya juu ya kiwiko ndiyo ikae juu ya goti. Kisha kuna kupiga goti moja. Mkono mmoja unapata goti la kuegemea, mwingine unaning'inia. Ni nafuu, ila si imara kama kukaa. Mwisho kabisa kuna kusimama, ambako ni kubaya kuliko kote. Ukiwa nako, uwe umebanwa kweli na huna njia nyingine.

Kuna na kipimo kingine ambacho ni bure, hakihitaji kifaa. Ukishakaa vizuri na kulenga, fumba macho. Pumua mara moja. Fumbua. Kama alama imehamia pembeni, maana yake mwili wako unaelekea kwingine na ulikuwa unailazimisha bunduki kwa nguvu za mikono. Usiisukume. Sogeza miguu au makalio mpaka mwili wenyewe uelekee pale unapotaka risasi iende. Halafu toa pumzi nusu, tulia, bonyeza triga taratibu. Nani alisema kuwinda ni mabavu?

Sasa mtu ataniuliza: kama kulala ndiko bora, kwa nini wawindaji wetu hawalali? Jibu ni majani. Nenda nyika zetu baada ya masika, majani yanakufika kifuani. Ukilala unaona shina la nyasi na siafu, mnyama humwoni. Kukaa nako mara nyingi ni yaleyale. Ndipo zinapoingia zile fimbo tatu. Zinafungwa pamoja karibu na juu, zinapanuliwa chini kama miguu ya kigoda, na pale zinapokutana panabaki panda ya kulaza bunduki. Urefu wake unalingana na bega la mtu aliyesimama. Anayezibeba hutembea mbele pamoja na mfuata nyayo, na mara nyingi ndiye mfuata nyayo mwenyewe. Mnyama akionekana, fimbo zinasimikwa kimyakimya, kwa mwendo mmoja, bila kugonganisha, mahali palepale ambapo mpigaji atataka ziwe. Akikosea kwa hatua moja, mpigaji inabidi asogee, na nyati naye hana subira hiyo.

Pale ambapo fimbo hazipo, nchi yenyewe imejaa maegemeo. Kuna kichuguu. Kichuguu kimeota kila mahali katika nyika zetu, kina urefu wa kifua, na kinamficha mtu huku kikimbebea bunduki. Kuna mti wa mgunga, unaweka kiganja kwenye gome na kupitisha bunduki kati ya kidole gumba na shahada. Kuna jiwe na kuna gogo. Ila kuna onyo: mtutu wenyewe usiguse kitu chochote, egemeza mbao ya mbele tu. Na usiilaze mbao hiyo juu ya kitu kigumu kikavu. Bunduki inapolipuka hutikisika, na ikikuta jiwe chini yake huruka kulikimbia, risasi nayo inapita juu ya pale ulipolenga. Weka kofia katikati, au begi, au mkono wako mwenyewe.

Na kwa sisi watu wa miteremko kuna jambo jingine. Ukipiga kuelekea bondeni au mlimani, risasi hupita juu kidogo kuliko ulivyotarajia. Uzito wa dunia unaivuta kwa kadiri ya umbali wa ulalo, yaani kama vile ungepima kwenye ramani, si kwa kadiri ya mteremko unaouona kwa macho. Mteremko ukiwa mkali na umbali mrefu, tofauti hiyo inatosha kumjeruhi mnyama badala ya kumwua. Nasema hivyo kwa kuelewesha, maana Mlima Kilimanjaro wenyewe ni Hifadhi ya Taifa tangu 1973, na msitu wake uliunganishwa na hifadhi hiyo mwaka 2005. Humo hapawindwi. Lakini nchi yetu si mlima mmoja.

Basi, kama yote haya yanajulikana, tatizo liko wapi? Tatizo liko kichwani. Tumelelewa na vibanda vya video. Pale Pasua na Majengo tulilipa hela ndogo tukaona Commando akishika bunduki kubwa kwa mkono mmoja, anapiga akitembea, na kila risasi inapata mtu. Mwanaume anayeegemea fimbo anaonekana mzee au mwoga. Na usidhani ni sisi tu. Wapo wageni wanaokuja na fikra hiyohiyo kutoka kwao, wamelipa maelfu ya dola, hawataki kuonekana wameshikiwa fimbo kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Wapo waliolipia fikra hizo na wakaandika wenyewe. Ernest Hemingway aliwinda huku kwetu Tanganyika mwaka 1933 na 1934, akatoa kitabu chake cha Green Hills of Africa mwaka 1935. Watu wanamkumbuka kwa pembe na kwa theluji za Kilimanjaro. Mimi ninachokiheshimu katika kitabu kile ni kwamba hakuficha habari ya palahala dume aliyemjeruhi, wakamfuata, wakamtafuta, wasimpate. Hajisifu. Anajua mnyama yule yuko mahali fulani anateseka kwa sababu ya kidole chake yeye. Mwindaji wa namna hiyo angalau tunaweza kuzungumza naye.

Na kuna Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo, ambaye miaka ya mwanzo ya karne ya 20 aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe. Simsifu kwa hilo, ni balaa tupu. Lakini jambo moja alilifahamu: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, kisha akatumia bunduki ya risasi ndogo ambayo wenzake waliiona ya kuchezea. Maana yake ni kwamba kinachoua ni mahali risasi inapofika, si ukubwa wa mlio. Leo utamkuta mtu amenunua .375, ile iliyotoka mwaka 1912 na ambayo ndiyo huhesabiwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, anadhani unene wa risasi utamsamehe mkono unaotetemeka. Hausamehi. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .375 ni nyati aliyejeruhiwa tu, na sasa amekasirika.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha jambo. Risasi iliyotetereka inalipwa na nani?

Katika uwindaji wa kitalii kuna utaratibu unaojulikana: damu ikidondoka, ada inalipwa, hata mnyama akipotea. Kwa vitabu vya hesabu mambo yamekwisha. Mgeni amelipa, serikali imepokea, kampuni imefunga faili. Lakini nyati hajasoma faili. Yuko kichakani, ana risasi mwilini, na mtu wa kwanza atakayepita njia ile hatakuwa mgeni. Mgeni yuko kwenye ndege. Atakuwa mama anayetafuta kuni, au kijana anayechunga mbuzi, au yule bwana wa fimbo, ambaye ndiye anayetangulizwa kufuata damu kwa sababu ndiye anayejua kusoma nyayo. Mwenye bunduki anakuwa nyuma yake. Fikiria hiyo kazi! Fimbo zilipokataliwa kwa ajili ya uanaume wa mtu mmoja, ni mwili wa mwingine unaoingia kichakani kwanza.

Na mtu akiuawa na mnyama, familia inasubiri kile ambacho kanuni za mwaka 2011 zinakiita kifuta machozi. Jina lenyewe linakwambia. Si fidia. Ni kitambaa cha kufutia machozi.

Mtaani kwetu Kibosho kuna mzee aliyefanya kazi hiyo ya fimbo miaka mingi kabla hajarudi kulima migomba. Ukimsalimu inabidi upaze sauti. "Shikamoo babu!" mara mbili, mara tatu, ndipo anageuka. Nilimuuliza masikio yalianza lini kumsumbua. Akanijibu: "Mjukuu wangu, wao walikuwa na vitu vya kuziba masikio. Mimi nilikuwa na vidole, lakini vidole vilikuwa vimeshika fimbo." Bunduki ya kuwindia hutoa mlio unaozidi desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuharibu sikio kwa mlio mmoja tu. Mtu anayeshikilia fimbo yuko pembeni ya mtutu, mahali ambapo mlio ni mkali zaidi. Kitu cha kuziba masikio kinauzwa bei ya soda chache. Nilipotaka kujua nani alipaswa kumpa, alicheka tu, akaniuliza kama nimekula.

Sasa kuna hoja ambazo najua zitaletwa. Ya kwanza: kuegemeza bunduki kunamnyima mnyama nafasi, mwindaji wa kweli anapiga kwa mikono yake. Hii hoja ni nzuri masikioni lakini ina uongo ndani. Nafasi ya mnyama ni pua yake, masikio yake na miguu yake, kabla hujamkaribia. Ukishainua bunduki, mchezo umekwisha. Kilichobaki ni ama kumwua upesi ama kumtesa. Anayechagua kutetemeka kwa makusudi hampi mnyama nafasi, anampa kidonda. Kama unataka mchezo mgumu, msogelee mnyama mpaka mita 40 kwa miguu. Huo ndio ugumu wa halali.

Hoja ya pili ni ya ndugu zangu wasiotaka uwindaji kabisa. Wao watasema: unatufundisha kuua vizuri, kwa nini usiseme wasiue? Nawaelewa. Hoja hiyo ina historia nchini kwetu: Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na wenzetu Kenya walioufunga 1977 hawajaufungua mpaka leo. Mjadala huo uendelee. Lakini maadamu vibali vinatolewa, na maadamu hata nchi isiyo na uwindaji ina askari wanyamapori wanaoitwa usiku kumkabili nyati aliyeingia shambani, swali la mkono uliotulia halikwepeki. Waulize watu wa Rombo tembo wanapovuka mpaka na kuingia kwenye mahindi. Kwanza ni kelele, tochi, pilipili na baruti, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ikifika kwamba lazima risasi ipigwe, unataka ipigwe na nani, ameegemea nini?

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua: eti sheria ipo tayari. Ni kweli ipo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kutoka kwenye gari, kutumia sumu, kumulika taa usiku, kuchimba mashimo ya kunasia. Ni sheria nzuri. Imekuondolea boneti ya Land Cruiser, ambayo ndiyo egemeo la wavivu. Lakini kukwambia usiegemee wapi si kukuuliza kama unajua kuegemea. Watasema mgeni akifika kambini hupimwa siku ya kwanza, anapiga risasi kwenye karatasi. Hapo hebu tuangalie kinachopimwa. Bunduki inawekwa juu ya meza na mifuko ya mchanga, inapigwa, inarekebishwa darubini. Kinachojulikana baada ya hapo ni kwamba bunduki ni nzima. Mtu mwenyewe hajapimwa. Ni sawa na kukagua breki za basi pale stendi halafu usimwulize dereva leseni.

Wenzetu wanafanyaje? Norway, nchi yenye wawindaji wengi wa kawaida kabisa, walimu na mafundi bomba, mtu anayetaka kuwinda mnyama mkubwa lazima kila mwaka afanye mtihani wa shabaha: risasi 5, mita 100, zote ziingie ndani ya duara la kiasi cha sinia dogo. Kabla ya mtihani lazima awe amepiga risasi za mazoezi. Ukishindwa, unarudia. Ukishindwa tena, unabaki nyumbani unakula samaki. Hakuna anayesema ni dharau kwa uanaume wake.

Na sisi hatuwezi kusema hatuna wataalamu. Hapo juu tu, mwendo mfupi wa daladala kutoka Moshi mjini, kuna Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Kilianzishwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Mwalimu kutoa ile Ilani ya Arusha kuhusu wanyama wa nchi hii. Mabosi wengi wa hifadhi Afrika wamepita pale, na kushika silaha na kuwinda kwa vitendo ni mambo ambayo wanafunzi wake wamekuwa wakifundishwa. Kwa hiyo ujuzi uko kilomita chache kutoka stendi yetu ya mabasi. Hatuhitaji mshauri kutoka nje kwa posho ya dola.

Ninachoomba ni vitu vinne tu, na vyote havijengi ghorofa. Kwanza, kila anayepewa kibali cha kuwinda, awe mgeni au mwenyeji, apige shabaha mbele ya ofisa kila msimu, na apige kama atakavyopiga porini: kwenye fimbo, kwa kukaa, kwa kupiga goti, akiwa ametoka kutembea na si kutoka kunywa chai. Pili, askari wa vijiji wanaoitwa kumkabili mnyama hatari wapewe risasi za mazoezi za kutosha. Huwezi kumpa mtu risasi tatu kwa mwaka halafu ukamlaumu kwa kutetemeka. Tatu, mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni awe na kauli ya mwisho ya kusema "hapigi mtu hapa," na asipoteze kazi kwa kusema hivyo. Nne, yule bwana wa fimbo apewe vya kuziba masikio, bima, na jina lake liandikwe kwenye taarifa ya uwindaji. Ndiye aliyeweka egemeo. Bila yeye ile risasi isingefika ilikofika.

Kuna watakaoniambia wewe mwandishi wa habari una nini na bunduki. Nina hili: sisi wa magazeti tunapelekewa habari zikiwa zimeshakuwa maiti. "Mkulima auawa na nyati." Tunaandika aya nne, tunataja kijiji, tunamnukuu kamanda, tunaendelea na ya mkutano wa waziri. Hatuulizi yule nyati alikuwa na jeraha la zamani au la, na kama lilikuwepo, lilitoka wapi. Nimeanza kuuliza. Majibu hayaji haraka, na kuna ofisi ambako swali lenyewe linachukuliwa kama uchokozi. Nitaendelea kuuliza.

Na wewe mwenye bunduki kabatini, unayepanga msimu ukifunguliwa uende na jamaa zako, nakuuliza kirafiki kabisa: mara ya mwisho kupiga shabaha ukiwa umekaa chini, moyo unadunda, ilikuwa lini? Kama hukumbuki, msimu haujafika kwako. Tafuta fimbo tatu na mpira wa tyubu, nenda ukajifunze kwanza.

Wikiendi njema, wadau.